Somo la Kupaka Dawa

Mama yake Mwalimu alipopiga simu mwenyewe kumwalika chakula cha mchana siku ya Jumapili, Fundi alijua siku yake imefika. Hakuna mama anayemwita mwanamke nyumbani kwake Jumapili, tena kwa sauti laini namna ile, kwa jambo dogo. Mama alisema kuna neno la kifamilia wanataka kumweleza, asichelewe. Simu ilipokatika, Fundi alibaki ameketi kwenye kiti chake cha kazi, fremu isiyo na lenzi mkononi, akitabasamu peke yake mpaka mteja aliyekuwa akingoja miwani akamuuliza kama ni mzima.

Alikuwa mzima, na alikuwa na haki ya kutabasamu. Alikuwa ameingoja simu ile muda mrefu.

Watu walimwita Fundi kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza miwani katika duka dogo lenye kioo kirefu ukutani, akikata lenzi, akikaza skurubu zisizoonekana vizuri kwa macho, akipasha moto vikono vya fremu na kuvipinda mpaka vimkae mtu sawasawa. Kazi ile humfanya mtu azoee nyuso. Kwa siku moja Fundi aligusa masikio ya watu wengi kuliko anayogusa mama mwenye watoto wadogo, na hakuna sikio lililowahi kumshughulisha akili mpaka siku alipoingia Mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mrefu, mpole wa maneno, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa ingawa jua siku ile lilikuwa la kuchoma mawe. Alitaka miwani isiyomuumiza. Fundi alipomzunguka kumpima ndipo alipoona kinachomuumiza. Nyuma ya masikio yote mawili, kushuka mpaka shingoni, ngozi ilikuwa imetuna na kuota vinundu, kimoja juu ya mgongo wa kingine, vinang'aa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kukizungumzia kitu kile. Alisema makovu yale yalianza kama vipele vya kunyolewa, akajikuna, yakapona vibaya, na sasa wanafunzi wake humwita Tangawizi wakidhani hasikii.

"Ninasikia," alisema. "Masikio yenyewe hayana neno. Ni huko nyuma ya nyumba ndiko kulikoharibika."

Fundi alicheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko Fundi akagundua kwamba vidole vyake bado viko pale pale juu ya makovu, na kwamba mtu yule ameacha kupumua. Baadaye alikuja kumwambia kuwa tangu yaanze kuota hakuwahi kuguswa pale na mtu. Hata kinyozi wake alikuwa akimsukuma kichwa kwa ncha ya chanuo.

Basi yakaanza hivyo. Miwani ilipindwa, ikapindwa tena, ikawa na kasoro mpya kila wiki mpaka wenye duka wakaelewa kwamba kasoro si ya miwani. Mama mzazi wa Fundi aliposikia, aliwasha moto. Alisema vitu vile viko kwenye damu, kwamba binti yake atazaa watoto wenye mashina shingoni, na kwamba mwanamke mwenye mikono na akili hawezi kwenda kuokota kilichotupwa na wenzake. Fundi alimjibu kwamba hakuokota kitu, alichagua. Siku hiyo akatoka nyumbani kwa mama yake na begi moja, akapanga chumba, na mama na mtoto hawakusemezana tena.

Ni Fundi aliyempeleka Mwalimu hospitali. Daktari wa ngozi, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, aliwaeleza ukweli wote siku ya kwanza. Kuikata keloidi, yaani kovu linaloota kama hili, ni rahisi, alisema, kazi ni kuizuia isirudi. Ukiikata ukaiacha hivyo hivyo, inarudi na ndugu zake. Kwa hiyo atakata, kisha kila mwezi atachoma sindano ndani ya kovu lenyewe, na nyumbani lazima mgonjwa apakwe jeli asubuhi na jioni na kukandwa taratibu kwa kidole, bila kuruka, mwaka mzima au zaidi. Akauliza nani atakayefanya kazi hiyo, maana mtu hajioni kisogoni.

"Mimi," alisema Fundi, kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

Akafanya. Asubuhi alipitia kwa Mwalimu kabla ya kwenda dukani, jioni akapitia tena. Alijua kila uzi wa mshono uliotolewa na kila mahali ulipokuwa. Siku za sindano, Mwalimu aliporudi amefura shingo na machozi yako karibu, ni yeye aliyemshika kichwa mapajani mpaka maumivu yakapoa. Alipaka akiwa na homa, alipaka wakiwa wamenuniana, hawasemezani, mmoja ameinamisha kichwa na mwingine anakanda. Na mama yake Mwalimu, aliyeona mwanawe akianza kulala chali kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alimshika Fundi mikono yote miwili akaibusu, akamwita mkwe wangu.

Ngozi ikatulia. Ikabaki mistari myembamba, rangi imepauka kidogo, ambayo asiyejua asingeiona. Mwalimu akafungua kifungo cha juu, kisha cha pili. Akaanza kusimama mbele ya mikutano ya wazazi, akapandishwa cheo shuleni. Siku moja akamwambia Fundi asijichoshe kuja asubuhi, atajipaka mwenyewe. Fundi akaona ni huruma. Kisha jioni nazo zikawa na vikao. Fundi akaona ni cheo. Mtu anayependa hakosi maelezo.

Jumapili hiyo alivaa gauni la bluu alilokuwa ameliweka kwa siku kama ile. Alifika mapema, akakuta mlango uko wazi na harufu ya nyama ya kukaanga imejaa sebuleni. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mwalimu aliinuka kumsalimia, akampa mkono, mkono tu, kama anavyompa mzazi wa mwanafunzi. Na kutoka jikoni akatokea msichana mzuri, mwembamba, amejifunga leso kiunoni, amebeba bakuli la mchuzi kwa namna ya mtu anayejua bakuli lile hukaa kabati gani.

"Huyu ndiye yule dada niliyekwambia," mama alimwambia msichana. "Aliyekuwa akimuuguza mwenzako."

Msichana akaweka bakuli chini, akamshika Fundi mkono kwa heshima, akainama kidogo. Alisema, "Shikamoo dada. Nimesikia mengi mazuri juu yako." Na kwa macho yake, ambayo hayakuwa na hila yoyote, Fundi akaona kwamba msichana huyu hajui kitu.

Walikula. Mama ndiye aliyezungumza. Alieleza kwamba msichana ni mwalimu wa chekechea, amehamia shule iliyo jirani na ya Mwalimu muhula uliopita, kwamba wazazi wa pande zote mbili walishaonana, kwamba mambo yakiwa heri hayana haja ya kucheleweshwa. Alieleza yote hayo akimwekea Fundi nyama kwenye sahani, kipande juu ya kipande, na Fundi akawa anatafuna kitu kisicho na ladha na kukimeza kwa maji. Mwalimu hakuinua macho. Alikuwa akitenganisha punje za wali kwa uma, kwa umakini, kama mtu anayekagua hesabu ya mtoto. Mara moja tu macho yao yalikutana, na yeye ndiye aliyeyakimbiza.

Msichana alipobeba vyombo kwenda jikoni, Fundi alipata sauti.

"Mama, mimi uliniita mkwe."

Mama alifuta mikono yake polepole. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Nilikuita, mwanangu, sikatai. Wakati ule nilikuwa ninaogopa. Nilijua hakuna mwingine atakayemtaka." Alisogea karibu, akamshika Fundi goti. "Sasa amepona. Mtu akipona, anachagua kama watu wengine wanavyochagua. Wewe umefanya kazi ya thawabu, na Mungu ataiona. Lakini thawabu hailipwi kwa ndoa."

Fundi alimgeukia Mwalimu. Alingoja aseme neno, lolote, hata la uongo. Mwalimu alisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba mama angempa nafasi aeleze mwenyewe, kisha hakueleza.

Jikoni maji yakaacha kutiririka. Mama akarudisha tabasamu lake mahali pake, na msichana alipoingia akifuta mikono, akatoa lile jambo la kifamilia lililomfanya amwite Fundi. Daktari aliagiza dawa isiachwe mpaka mwaka utimie, mama alisema. Mwanawe anajipaka ovyo ovyo, hafikii huko nyuma. Na kwa kuwa karibuni atakuwa na mke, ni vizuri mke ajifunze mapema. Hakuna anayeijua kazi ile kama Fundi. Angeona ni vibaya kumwonyesha mwenzake?

Tyubu ya jeli ilikuwa tayari mezani, kando ya glasi za maji. Ililetwa muda ambao Fundi hakuuona.

Angeweza kuinuka. Angeweza kusema maneno mawili tu na kuivunja nyumba ile vipande vipande mbele ya msichana. Aliyafikiria, yakamjaa kinywani. Lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu cha aibu kilichokuwa na nguvu kuliko hasira. Alitaka kumgusa. Hata kwa njia hiyo, hata mbele ya mwanamke mwingine, hata kwa mara ya mwisho.

"Kanawe mikono tena," alimwambia msichana. "Kwa sabuni. Kucha zako ni ndefu, utazikata kabla ya kuanza kazi hii."

Akamwambia Mwalimu ageuze kiti. Mwalimu akageuza. Fundi akatia jeli kidogo kwenye ncha ya kidole, na kabla hata hajamfikia, Mwalimu akainamisha kichwa upande wa kushoto na kufumba macho. Hakuna aliyemwambia. Shingo yake ilijifanyia yenyewe, kama ilivyofanya asubuhi na jioni zote zile, na pumzi ndefu ikamtoka. Msichana aliona. Fundi alihisi anaona, maana msichana alikuwa amesimama karibu naye na mwili wake ulikakamaa ghafla.

Fundi akafundisha. Alieleza kwamba jeli ni kidogo tu, ipakwe nyembamba, iachwe ikauke kabla ya kuvaa shati. Kwamba mtu hasugui, anakanda, kidole kisiteleze juu ya ngozi bali kiende nayo. Alieleza kwamba akianza kulalamika kuwashwa asiachwe ajikune, kwa sababu kuwashwa ndiyo hodi ya kwanza ya ugonjwa kurudi.

"Kumbe yalikuwa makubwa?" msichana aliuliza. "Mimi niliambiwa kipele tu, kikakatwa."

Mama akadakia kwamba ndiyo, kipele, hakikuwa kitu. Kidole cha Fundi kilikuwa kimefika nyuma ya sikio la kushoto, chini, pale mfupa unapoishia, na kikasimama. Alikirudisha, akapita tena. Chini ya ngozi laini palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama.

Aliijua punje ile kuliko alivyojua jina lake. Palepale akajua mambo mawili. Kwamba ugonjwa unarudi, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua isipokuwa yeye. Akinyamaza, utaota taratibu. Utajitokeza wakati wa harusi, au baada yake kidogo, na tangawizi itarudi na ndugu zake, na mama huyu mwenye sauti laini atalia tena. Alikaa na wazo hilo kwa muda wa kupumua mara moja. Lilikuwa tamu. Ndiyo maana likamtisha.

"Lete kidole chako," alimwambia msichana.

Akakishika kile kidole chembamba, akakipeleka pale, akakikandamiza kwa chake.

"Unaisikia?"

"Kuna kitu," msichana akasema. "Kigumu."

"Ndiyo yenyewe. Ndivyo inavyoanza. Ilikuwa imejaa kuanzia hapa mpaka hapa, pande zote mbili, ndefu kama vidole vyangu. Ilikuwa inatoa maji wakati mwingine, na harufu. Watoto wa shule walimpa jina, mwulize akwambie. Ikikatwa hurudi, isipotunzwa. Atakayeolewa naye ataishi akiitafuta kwa kidole hivi hivi, na siku akiipata asione kinyaa."

Mwalimu alifumbua macho. Msichana alikuwa ameshaondoa mkono. Alisimama ameutenga kidogo na mwili wake, hajui auweke wapi, kisha akachukua pembe ya kitambaa cheupe cha mezani akakifuta kidole. Akakifuta tena. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofukuza nzi, na Mwalimu alikuwa akimtazama wakati wote ule.

Mama akasema kwamba imetosha. Fundi akakubali kwamba imetosha. Alinawa mikono jikoni, akachukua mkoba wake, akamuaga mwenye nyumba kwa adabu, na hakuna aliyemsindikiza.

Mwalimu alimfikia karibu na barabara. Alikuwa amekimbia.

"Kwa nini umenifanyia vile mbele yake?"

"Niliitwa kufundisha. Nimefundisha."

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Lini? Mara ya mwisho ulikaa na mimi peke yako lini?"

Walisimama, watu wakiwapita na viatu vyao vya Jumapili. Ndipo Fundi akamuuliza lile alilokuwa amelizuia tangu bakuli la mchuzi lilipotua mezani.

"Nilikukosea nini? Nijibu hilo tu, niende."

"Hukunikosea," Mwalimu alisema. "Hilo ndilo baya. Ungekuwa umenikosea ningekuwa na la kusema." Alitazama pembeni. "Ukiniangalia, ninajiona nilivyokuwa. Ukinigusa, ninavihisi vinundu vyote, hata leo ambapo havipo. Wewe ulimpenda Tangawizi. Mimi nilimchukia. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ambaye hakuwahi kumwona."

"Na sasa amemgusa."

"Ndiyo," alisema. "Sasa amemgusa."

Maneno yale yalimwingia Fundi mahali ambapo maneno ya mama hayakufika, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Hakumlaani. Alimwambia tu kwamba punje bado ni ndogo, kwamba kesho asubuhi aende kwa daktari akachomwe sindano. Akiwahi italala, akingoja itaota. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Kisha akatupa jicho nyuma, kule mlangoni kwa mama yake, akasogea karibu na kupunguza sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile akamshika mkono kama zamani.

"Yeye hataweza," alisema. "Umeona alivyofuta kidole. Naomba, Fundi. Uwe unapitia jioni, kwangu, kama ulivyokuwa ukifanya. Mama hatajua, wala yeye. Mpaka harusi ipite tu."

Mkono wake ulikuwa wa moto. Fundi aliutazama, akaona kwamba moyo wake, mpumbavu ule, ulikuwa umeshainuka kusema ndiyo kabla hajamaliza kusikia.

"Ungesema njoo, ukaishia hapo, ningekuja," alimwambia. "Mungu anisamehe, ningekuja leo hii, baada ya yote haya. Lakini umesema mpaka harusi."

Akauchomoa mkono wake. Mwalimu hakumfuata. Fundi alipogeuka mara moja, alimkuta amesimama pale pale, mkono umepanda nyuma ya sikio, unatafuta.

Hakwenda chumbani kwake. Kile chumba kilikuwa na shati la Mwalimu kwenye msumari na tyubu tupu za jeli dirishani, na asingeweza kuingia mle akatoka hai. Alitembea mpaka miguu ikamuuma, akajikuta mtaa wa nyumbani kwao, mbele ya mlango alioufunga siku ile alipotoka na begi lake. Akabisha.

Mama yake mzazi alifungua. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi zimeongezeka. Alimtazama binti yake kuanzia gauni la bluu mpaka viatu vyenye vumbi, akauona uso, akaelewa bila kuelezwa. Machozi ambayo Fundi alikuwa ameyabeba tangu mchana yakamwagika yote pale kizingitini. Alisema tu kwamba ameachwa, kwamba kuna mwingine.

"Hata yule?" mama yake akauliza.

Kisha akajisogeza pembeni kumpa nafasi apite, na Fundi akaingia, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kuingia.